Injini Tuliyoipanua Ujiji

Gari lile lilifika Kibirizi, ufukwe wa boti pale Kigoma, likiwa juu ya boti la mbao la kubebea mizigo, limefungwa kwa kamba za katani katikati ya magodoro, mbuzi na watu. Wachukuzi waliniita mimi kwa sababu nilikuwa na pikapu ya kuvutia magari mabovu, na kwa sababu hakuna aliyejua namna ya kulishusha. Siku hizo boti zilikuwa zikiingia kutoka kaskazini tangu alfajiri, zimejaa watu waliokimbia vita Burundi, na pale mchangani, karibu na vichanja vya dagaa, palikuwa na kila kitu cha nyumbani unachoweza kukitaja: masufuria, vitanda, hata milango iliyong'olewa pamoja na bawaba zake. Gari hatukuwa tumewahi kuona.

Tena halikuwa gari la kawaida. Lilikuwa gari la mbio, la Kijapani, milango miwili na viti viwili tu, boneti ndefu, limelala chini hata ukisimama kando yake paa linakufika kifuani. Rangi yake ya machungwa ilikuwa imepauka. Mwenyewe alikuwa mtu mrefu wa makamo, shati lake jeupe limegeuka rangi kwa masizi na jasho. Mkewe alikuwa ameketi juu ya sanduku la mbao, ameshika chupa ya chai tupu, hatazami gari wala hamtazami mumewe.

Nilimwamkia kwa Kiha, akaitikia kwa Kirundi, tukaelewana.

"Usilivute kwa bampa," akaniambia. "Kuna tundu la kufungia kamba huku chini. Taratibu, fundi, nakuomba."

Tulilishusha kwa mbao na watu wengi. Liligoma kuwaka. Nikalivuta hadi gereji yangu, iliyokuwa Ujiji, kwenye kiwanja alichoniachia marehemu baba, banda la mabati na ua wa miti ya michongoma. Njia nzima yule bwana alikaa ndani ya gari lake akishika usukani, na mkewe alikaa na mimi mbele, lile sanduku likiwa miguuni pake. Nilimuuliza kama wamepata pa kufikia. Akasema hawajui mtu. Basi nikawapeleka kwa mama mmoja mjane, jirani yangu, aliyekuwa na chumba cha uani, naye akawapokea bila maswali. Tangu siku ile nikamwita yule bwana kaka, na mkewe shemeji.

Kesho yake asubuhi kaka alifungua sanduku mbele yangu. Ndani mlikuwa na pistoni mpya, kila moja imefungwa kwa karatasi ya mafuta, na ringi zake, zile pete nyembamba za kuzungushia pistoni, na gasketi ya hedi, na beringi. Vyote vya Ulaya. Nilishika pistoni moja nikaona mara moja kwamba ni nene kupita silinda za lile gari.

"Hizi si za injini hii," nikamwambia.

"Zitakuwa zake," akasema. "Ndiyo kazi ninayotaka unifanyie."

Kwa asiyejua, injini hupimwa kwa nafasi iliyomo ndani ya silinda zake, pale pistoni zinapopanda na kushuka. Sisi mafundi tunauliza, hii ina "cc" ngapi? Ukitaka nguvu zaidi, unaweza kuzipanua silinda ili pistoni nene ziingie, au unaweza kuweka krankishafti yenye mkono mrefu zaidi, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, ili pistoni nazo zisafiri mbali zaidi. Vyovyote vile injini inameza hewa na petroli nyingi kuliko mwanzo. Yeye alitaka yote mawili kwa pamoja. Nilikuwa nimefungua injini nyingi, za malori, za boti, za mashine za kusaga, lakini kazi yangu ilikuwa kurudisha kitu kama kilivyokuwa. Kukifanya kiwe kikubwa kuliko kilivyozaliwa sikuwahi.

"Mdogo wangu ndiye aliyepiga hesabu," akasema. "Mimi ni dereva tu. Yeye ndiye fundi, mimi nilikuwa naendesha, na siku za mashindano alikaa pembeni yangu akinisomea kona kabla hatujazifikia. Atakuja. Boti ikipatikana atakuja, na akija akute kazi imeanza."

Nilimuuliza gari lile ataliendesha wapi. Barabara ya kwenda Kasulu wakati ule lori lilikuwa linakwama siku nzima. Alianza kunieleza barabara ya milimani inayopanda kutoka Bujumbura, jinsi kona moja inavyokupeleka kwenye nyingine, mikono yake ikizungusha usukani usiokuwepo. Nikamwacha amalize.

Tukaanza. Kila boti zilipoingia Kibirizi aliacha spana, akaosha mikono, akaenda ufukweni kuuliza. Alirudi akachukua spana ileile. Mwanzoni nilikuwa namuuliza, "Vipi?" Baadaye nikaacha, kwa kuwa jibu lilikuwa moja.

Injini ya zamani tuliivunja yote. Pistoni tulikuwa nazo, krankishafti hatukuwa nayo. Mdogo wake alikuwa amemwambia kwamba ile ya injini ya dizeli ya kampuni hiyohiyo, silinda sita, inaingia ndani ya bloku ya injini ya petroli, lile chuma lenye silinda, bila matata mengi, na mkono wake ni mrefu. Lakini waliyoipata iliachwa nyumbani. Sasa Kigoma ile utapata wapi kitu kama hicho? Niliuliza kwa madereva wa malori, nikauliza kwa mafundi wa boti. Mwishowe mchuuzi mmoja wa dagaa akanikumbusha mzee wa Ilagala aliyewahi kufunga injini ya gari la dizeli kwenye boti lake la uvuvi, ikapasuka.

Tulikwenda kwa boti, tukashuka karibu na pale Mto Malagarasi unapoingia ziwani, maji yana rangi ya udongo. Mzee tulimkuta anashona nyavu. Tulimwamkia shikamoo, tukaeleza shida yetu. Bloku yenyewe, akasema, ameifanya nanga. Nilitazama ilipokuwa, nikaiona kweli, imefungwa kamba kwenye mtumbwi, imeota majani ya ziwani.

"Na vya ndani, mzee?" kaka akauliza.

"Vya ndani nilivitoa kwanza. Chuma kile si cha kutupa majini."

Alimtuma mkewe ndani, na yule mama akatoka akiburuta kitu kilichoviringishwa kwenye wavu wa zamani. Ilikuwa krankishafti, imepakwa grisi nzito, safi kama ya dukani. Kaka alichuchumaa akaipima kwa kalipa aliyokuwa nayo mfukoni. Akapima tena. Halafu akaketi mchangani kabisa, akacheka. Alicheka mpaka mzee akaniangalia mimi, kama anauliza huyu mwenzako ni mzima? Katika muda wote niliomjua hiyo ndiyo mara pekee niliyomwona akicheka.

Mzee hakutaka kitu ila nimtengenezee mashine yake ya boti, iliyokuwa inazimika ikipata moto. Nilimtengenezea palepale. Tulirudi Kigoma jioni hiyo, kaka ameilaza ile krankishafti mapajani, grisi yote imehamia kwenye suruali yake. Alinieleza habari za mdogo wake njia nzima. Kwamba alikuwa anasikia ubovu wa valvu akiwa chumbani, gari likiwa barabarani. Kwamba alikuwa hali nyama. Alikuwa anamzungumzia kama mtu aliyekwenda dukani.

Kazi ya kupanua silinda sikuweza kuifanya pale kwangu. Tuliipeleka bloku kwenye karakana moja karibu na bandari, kwa mkerezaji, fundi wa kuchonga vyuma, niliyesoma naye shule ya msingi. Aliitazama sana. Akaingiza kidole kwenye njia za maji, akatoa kutu, si ya unga, ni magamba mazima.

"Kuta zitabaki nyembamba," akaniambia mimi. "Mwambie mwenye gari."

"Nimesikia," kaka akasema. "Mdogo wangu alipima. Alisema chuma kinatosha."

"Alipima lini?"

"Kabla ya vita. Wakati gari linatembea."

"Tangu hapo limesimama na maji ndani. Chuma kimeliwa huku, bwana, kwa upande usiouona. Naweza kukichonga kidogo tu, mkanunua pistoni nyingine, ndogo."

"Pistoni ni hizi."

Mkerezaji akanigeukia. Mimi nikasema mwenye mali ndiye mwenye kauli. Alichonga. Nilisimama pale nikitazama vinyweleo vya chuma vikidondoka sakafuni, na kila silinda ilipokwisha aliigonga kwa mpini wa bisibisi akasikiliza. Kwenye ya mwisho aligonga mara kadhaa, akatikisa kichwa, akafunga mashine.

Tulikuwa katikati ya kuunganisha lilipopita gari la matangazo. Likasema watu wote kutoka ng'ambo wanaoishi mjini wajikusanye, malori yatawapeleka kambini, upande wa Kasulu, na atakayebaki atachukuliwa na askari. Ujiji pakawa kimya namna mbaya. Kulikuwa na watu waliokwisha kuoa kwetu, waliokuwa na vibanda sokoni. Kesho yake walikuwa wamekaa barabarani juu ya mafurushi.

Shemeji alikuja gereji na furushi lake kichwani. Kule kwao alikuwa muuguzi. Pale kwetu alikuwa anapika na kufua na yule mama mjane, na kwa miezi ile yote hakuwahi kukanyaga gereji hata mara moja. Kaka alikuwa ameinama kwenye bloku, anapanga ringi.

"Malori yamefika," mkewe akamwambia.

"Tangulia. Nikimaliza hii nitakuja."

"Hutakuja."

"Imebaki kidogo."

"Kambini kuna hospitali, wanataka wauguzi. Kuna watu wa kwetu. Labda kuna mtu mwenye habari." Akasogea karibu naye. "Twende. Kwa hiari yetu, wasije kutuchukua."

Kaka hakuinua kichwa. Shemeji alitua furushi, akanigeukia mimi, akaongea polepole kama mtu anayemweleza mgonjwa.

"Shemeji, wewe hujaambiwa. Ile boti tuliikodi sisi, na ilikuwa imeshapakia gari. Watu wakazidi kuja, na boti ikawa inaingiza maji. Nahodha akasema, ama gari litoke ama watu wapungue. Huyu akanyamaza. Mdogo wake akashuka. Akasema pistoni msizisahau, mimi nitapanda inayofuata. Alisimama kwenye maji mpaka magotini akitusukuma."

Nilimtazama kaka. Ringi ilikuwa mkononi mwake, ameibana hata ikakatika. Ringi huwa ni za kuvunjika upesi, lakini tulikuwa hatuna nyingine ya akiba, na mimi katika hali ile nilichofikiria kwanza ni hiyo ringi. Ndivyo kazi inavyomfanya mtu.

Shemeji akabeba furushi lake. Nilimsindikiza hadi kwenye malori. Alipanda akaketi nyuma kabisa, ameipa kisogo Ujiji. Niliporudi kaka alikuwa anatoa ringi kwenye pistoni ya zamani ya lori, anaichonga kwa tupa ipate kufaa.

Tangu hapo alilala ndani ya gari, uani kwangu. Mke wangu alimpelekea ugali na samaki wa migebuka, na mara nyingi sahani ilirudi ilivyokwenda. Mke wangu hakulalamika, ila siku moja aliniuliza, "Wakija kumtafuta, wewe utasemaje?" Majirani walijua yupo. Wengine walitupia macho ua wangu wakapita, na hakuna aliyekwenda kusema, na hilo mpaka leo nawashukuru watu wa Ujiji. Lakini hofu ilikuwepo. Mbwa akibweka, mimi nasimama.

Habari za mdogo wake hakuwa anazizungumza tena. Hakwenda tena Kibirizi. Nilidhani anaogopa askari, na labda ndivyo, lakini nadhani pia alichoka kurudi. Alifanya kazi kwa uangalifu ambao hata mimi sina, akifuta kila bolti kwa kitambaa. Tulifunga krankishafti, tukafunga pistoni, tukafunga hedi, tukarudisha zile kabureta zake. Mwisho tulimimina oili na maji.

Iliwaka mchana wa jua kali. Kwanza ilikohoa, ikatema moshi, nikageuza kidogo majira ya moto wa plagi, na ikashika. Sijui niieleze vipi sauti ile. Lori lina sauti kubwa lakini ni ya mzigo. Hii ilikuwa nzito chini na juu safi, na ukigusa kidogo tu mafuta, banda zima la mabati linaitikia. Watu walitoka majumbani. Yule mama mjane alisimama mlangoni ameziba masikio. Kaka alisimama mbele ya boneti iliyo wazi, ametoa macho, na nilisubiri afurahi. Hakufurahi. Alisikiliza tu, ameinamisha kichwa upande mmoja, muda mrefu, halafu akasema, "Twende."

"Askari, kaka."

"Twende hivyohivyo."

Tulitoka kwa barabara ya kwenda Kigoma mjini. Ndiyo lami pekee tuliyokuwa nayo. Mwanzoni alikwenda polepole, mpaka nyumba zilipopungua, ndipo akakanyaga. Mgongo wangu ukabandikwa kwenye kiti. Nimepanda magari mengi, lakini sijawahi kusukumwa vile, bila mshindo, kama mkono mkubwa umewekwa kifuani pako na hauondoki. Miembe ya kando ikawa ukuta mmoja. Nikaangalia mikono yake. Ilikuwa imetulia kabisa. Midomo yake ilikuwa inatembea, na ilinichukua muda kuelewa kwamba anasoma kona, anajisomea mwenyewe, kona za barabara nyingine, kwa kuwa ile yetu imenyooka.

Karibu na kupandisha mtaa wa Mwanga, mshale wa joto ulipanda. Nilimwonyesha. Hakupunguza. Nikasema, "Kaka, inachemka." Pale ndipo tulisikia mlio mfupi, mkavu, na moshi mweupe ukatoka nyuma, mwingi, mpaka barabara ikapotea. Gari likajiendea lenyewe kidogo, likasimama kando.

Nilifungua boneti. Sikuhitaji kuvunja injini kujua. Maji yalikuwa yanatoka kwenye bomba la moshi. Ukuta wa silinda ulikuwa umepasuka, na bloku yenye ukuta uliopasuka namna ile, kwetu kule, haina dawa. Nilipovunja baadaye nilikuta ni ile ya mwisho, ile aliyoigonga mkerezaji.

Kaka hakushuka. Nilipomwendea dirishani alikuwa amezima swichi na kuchomoa ufunguo.

"Nipeleke kambini," akasema.

"Tulivute kwanza gari."

"Livute wewe. Mimi nipeleke kambini."

Siku iliyofuata tulipanda pikapu yangu. Kwenye kizuizi cha barabarani askari alimuuliza alikuwa wapi siku zote, akajibu alikuwa anaumwa, na kwa jinsi alivyokonda askari akaamini. Kambi ilikuwa mahema ya plastiki kilima kizima, na vumbi jekundu, na foleni ya maji isiyoonekana mwisho wake. Tuliuliza hospitalini, na shemeji akatoka akiwa amevaa aproni. Alikuwa amekonda naye. Alimwangalia mumewe, akaangalia mikono yake yenye oili, akaenda ndani akaleta bakuli la maji na kipande cha sabuni, akaviweka chini mbele yake.

Alinawa. Shemeji alisubiri amalize ndipo akaongea, kwa Kirundi, kwa sauti ya kawaida. Nilielewa kila neno. Kulikuwa na mtu wa mtaa wao pale kambini. Huyo mtu aliuona mwili. Ilikuwa siku ileile waliyoondoka, kabla boti nyingine haijafika.

"Aliuona mwenyewe?" kaka akauliza.

"Aliufunika yeye."

Kaka akatikisa kichwa polepole, akamwaga yale maji machafu kando ya njia, akamrudishia bakuli. Kisha akaniuliza kama nina mafuta ya kutosha kunifikisha nyumbani. Nikamwambia ninayo. Akaniambia niende kabla mvua haijanyesha, barabara itaharibika. Hatukupeana hata mkono, mikono yake ilikuwa na maji.

Nilirudi tena pale kambini baada ya mvua za masika, nikiwa na unga na sabuni alivyofunga mke wangu. Nilimkuta shemeji peke yake. Akasema mumewe yupo, amelala. Ilikuwa karibu adhuhuri. Nilichungulia, nikamwona amegeukia plastiki, macho yake wazi. Nilimwamkia. Aliitikia bila kugeuka. Nilikaa kidogo, nikaeleza habari za gereji, nikaona naongea na mgongo, nikaaga. Mara ya tatu niliyokwenda sehemu yao ya kambi ilikuwa imehamishwa, na niliowauliza hawakuwajua. Wengine walisema wamepelekwa kambi nyingine, wengine wakasema wamerejea kwao. Sikupata kujua.

Gari lilibaki uani kwangu. Niliwahi kutafuta bloku nyingine, niseme kweli, kwa mwaka mzima hivi, kwa madereva wa Tabora na wa Mwanza. Sijui nilikuwa namtafutia nani. Baadaye nikaacha, kazi yenyewe ya gereji ilikuwa imepungua. Matairi yaliisha upepo, kuku wakatagia kwenye viti.

Nilikuwa Simbo, shambani, wakati wa kuvuna maharage, walipopita wanunuzi wa chuma chakavu. Niliporudi ua ulikuwa mweupe, gari halipo. Mke wangu alinifuata nje, akasimama nyuma yangu.

"Nimewapa," akasema. "Nimekosea?"

Nikamwambia hapana. Akaniuliza kama nimekula, nikasema bado, tukaingia ndani.